Jinsi ya kukagua kama ramani ya uchaguzi Marekani imeshaamua kabla wewe hujapiga kura

Kura ni siri, ndivyo tunavyoambiwa na ni kweli. Ila matokeo ya kituo chenu sio siri, yanatangazwa wazi kila uchaguzi, na mtu anayekaa na kompyuta kuchora mipaka hana haja ya kujua wewe binafsi ulimpigia nani, anachotaka ni kujua mtaa wenu kwa kawaida unaegemea wapi na kwa kiasi gani, basi, hapo kashamaliza. Anaubeba mtaa mzima anauweka panapomfaa. Mchezo huo ndo unaitwa jerimanda, na hapa nataka nikuonyeshe namna ya kuukagua mwenyewe kwenye ramani yako bila digrii ya sheria, ukiwa na simu au kompyuta na kama saa mbili hivi za kutulia. Nawaandikia zaidi wale ambao wamepata uraia kule na wanapiga kura, ila hata kama unafuatilia siasa zao kwa mbali itakusaidia kuelewa kwa nini chama kinashinda kura alafu kinakosa viti.

Tuelewane maneno kwanza manake hapa ndo watu wanapotea. Nikisema jimbo ni Texas, Ohio, Georgia, yani yale 50. Kile kipande ndani ya jimbo kinachomchagua mjumbe mmoja ntakiita wilaya, ingawa kwa siasa tulizozoea hicho ndo tungekiita jimbo la mbunge, najua inachanganya lakini tukishakubaliana hivo tutaenda sawa. Na jina jerimanda lenyewe limetoka kwa gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, mwaka 1812 alisaini ramani ya wilaya za seneti ya jimbo na wilaya mojawapo ilijipinda mpaka gazeti la Boston likaichora kama mjusi salamanda mwenye mabawa na makucha, wakaunganisha Gerry na salamanda. Yeye mwenyewe jina lake lilitamkwa kwa g ya gari, leo dunia nzima inasema j, na kosa hilo halirekebishiki tena. Baadae akawa makamu wa rais, kwa hiyo usidhani aibu ilimmaliza.

Kwa nini ramani zinachorwa upya? Kila miaka 10 kuna sensa, viti 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagawanywa upya kwa majimbo kulingana na idadi ya watu, alafu kila jimbo linajikata lenyewe. Baada ya sensa ya 2020 wilaya moja ya Kongresi ilikuwa na wastani wa watu kama 761,000. Mahakama ya Juu ilishasema tangu 1964 kwamba wilaya lazima ziwe na watu sawa, na watu wengi wakisikia hivo wanatulia, wanaona usawa umepatikana. Haujapatikana. Kulinganisha idadi ya vichwa hakuzuii chochote, na ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Chukua vifuniko vya chupa 15, vyeupe 9 na vya kijani 6. Sheria ni moja, ugawe mafungu 3 yenye vifuniko vitano vitano, na kila fungu linachukuliwa na rangi iliyozidi. Vyeupe ndo vingi kwa hiyo ungetegemea vichukue mafungu mawili, kijani fungu moja. Sasa fungu la kwanza weka kijani 3 na vyeupe 2, la pili vilevile kijani 3 na vyeupe 2, alafu vyeupe 5 vilivyobaki virundike vyote fungu la tatu. Hesabu. Kijani wana mafungu 2, vyeupe 1. Hakuna kifuniko kilichoibiwa, hakuna kilichohesabiwa mara mbili, kila fungu lina 5 kamili kama mahakama inavyotaka, na wachache ndo wanatawala. Pale kwenye mafungu mawili ya mwanzo vyeupe vimepasuliwa, vimesambazwa vikawa vingi vya kutosha kuonekana lakini vichache vya kutoshinda popote. Fungu la tatu vimerundikwa, vimeshinda 5 kwa 0 wakati 3 zingetosha. Kupasua na kurundika, hayo ndo mapanga mawili ya kazi hii, mengine yote ni madoido. Vihifadhi hivyo vifuniko tutavirudia.

Sasa tuanze ukaguzi wenyewe.

Anza na anwani yako

Wengi wanajua wilaya moja tu au hawajui hata hiyo. Ukweli ni kwamba kwa kawaida uko kwenye wilaya tatu kwa mpigo, ya Kongresi, ya seneti ya jimbo na ya bunge la chini la jimbo, kila moja na mipaka yake (Nebraska tu ndo wana bunge lenye chumba kimoja). Ya Kongresi unaipata kwenye tovuti ya house.gov ukiweka zip kodi (namba ya posta ya eneo lako), ila zip kodi moja inaweza kuangukia wilaya mbili kwa hiyo ikikuuliza anwani kamili weka anwani kamili. Za jimbo zipo kwenye tovuti ya bunge la jimbo lako au ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Andika namba zote tatu mahali, alafu piga skrinishoti ya ramani ikiwa na tarehe. Usidharau hili la skrinishoti, manake wewe unaweza usihame nyumba miaka 20 lakini wilaya ikahama, na siku unataka kulinganisha ya zamani na mpya utaitafuta huku na huku.

Kama unaishi Alaska, Delaware, North Dakota, South Dakota, Vermont au Wyoming, kwa upande wa Kongresi pumzika, jimbo zima lina kiti kimoja hakuna cha kukata. Ila zile za bunge la jimbo bado zinakatwa, na hilo bunge ndo linatunga sheria za shule zako na kodi zako.

Umbo lisikudanganye

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu kila mtu akisikia jerimanda anaanza kutafuta wilaya yenye umbo la ajabu. Ni kweli zipo, wilaya ya 7 ya Pennsylvania ya miaka ile kabla ya 2018 watu walisema inafanana na Goofy anampiga teke Donald Duck, wale wa katuni, na kuna mahali ilishikana kwa upana wa mgahawa mmoja tu. Maryland nako, ambako Wademokrati ndo walichora, jaji mmoja aliifananisha wilaya ya 3 na mnyama wa kale anayeruka aliyevunjika bawa. Vichekesho vya kweli.

Lakini angalia wilaya ya 4 ya Illinois pale Chicago. Kwa miaka mingi ilikuwa kama spika za masikioni, mabaka mawili yameunganishwa na kamba nyembamba inayofuata barabara kuu, ukiiona tu unasema hapa kuna wizi. Kumbe ilichorwa baada ya sensa ya 1990 ili mitaa ya Wapuerto Rico kaskazini na ya Wameksiko kusini ipate mwakilishi wake, na katikati kulikuwa na wilaya ya watu weusi ambayo nayo haikutakiwa kuharibiwa. Umbo baya, sababu inayoeleweka. Na upande wa pili, kompyuta za siku hizi zinaweza kukuchorea wilaya safi kabisa, imenyooka kama karatasi ya hesabu, na bado ikawa imekumaliza. Kwa hiyo umbo likikushtua liandike, ila usihukumu kwa umbo.

Angalia mstari umepita wapi

Hiki ndo kipimo ninachokiamini zaidi kwa mtu wa kawaida. Zumu ramani mpaka uone majina ya mitaa, alafu fuata mstari kwa kidole. Kila unapoona umekata kitu ambacho kwa akili ya kawaida ni kimoja (mji, chuo, mtaa wa watu wa jamii moja) jiulize nani anafaidika.

Mfano bora ni Nashville. Mji una watu karibu 690,000, yani peke yake unakaribia kujaza wilaya nzima, na kwa miaka mingi ulikuwa na mjumbe wake Mdemokrati, Jim Cooper. Bunge la Tennessee linalotawaliwa na Warepublikani likaukata vipande vitatu, kila kipande kikafungwa kwenye maeneo makubwa ya mashambani na miji midogo. Cooper akatangaza hagombei tena, na Novemba 2022 vipande vyote vitatu vikaenda kwa Warepublikani. Watu wa Nashville hawakubadilika mawazo, walibaki vilevile na kura zao vilevile, ila sasa ni vyeupe viwili viwili kwenye mafungu ya kijani.

Mwingine ni chuo cha North Carolina A&T kule Greensboro, chuo cha kihistoria cha watu weusi. Kwenye ramani ya 2016 mstari ulipita ndani ya chuo, barabara ya Laurel, upande huu wilaya ya 6 upande ule wilaya ya 13. Mwanafunzi anavuka barabara anabadilisha mwakilishi. Ukiona kitu kama hicho hauhitaji profesa.

Kuna kingine ambacho ukaguzi wa kawaida hauoni, ni magereza. Sensa inawahesabu wafungwa pale walipofungwa sio kwao walikotoka, na majimbo mengi hawaruhusiwi kupiga kura, kwa hiyo wanajaza wilaya ya mtu mwingine bila kusema neno. Anamosa, mji mdogo wa Iowa, kata moja ya mji ilikuwa karibu yote ni gereza, na mwaka 2005 mtu alishinda udiwani kwa kura 2. Mbili. Majimbo kadhaa yameanza kuwahesabu wafungwa kwao, lakini kama wilaya yako ina gereza kubwa iandike hiyo pia.

Linganisha kura na viti

Sasa hesabu, usiogope ni kugawanya tu. Chukua matokeo ya kura ya jimbo zima, ya gavana au rais, manake hizo hazina wilaya kwa hiyo hazichezewi na mipaka, alafu ona kila chama kimepata asilimia ngapi na kina asilimia ngapi ya viti. Usijumlishe kura za wilaya zenyewe bila kuangalia, kuna wilaya mgombea alisimama peke yake na hizo zinapindisha jumla.

Wisconsin 2018, Wademokrati walipata kama asilimia 53 ya kura za bunge la chini la jimbo (jumla hiyo ina zile wilaya za mgombea mmoja, ichukue kwa tahadhari) na wakaambulia viti 36 kati ya 99. Mwaka huohuo walishinda ugavana. Illinois geuza upande, kule Wademokrati ndo wenye kalamu, Trump 2024 alipata zaidi ya asilimia 43 ya jimbo lakini Warepublikani wana viti 3 tu kati ya 17 vya Kongresi, na ukiiangalia wilaya ya 13 inavyojinyoosha kutoka pembeni ya St. Louis kupita Springfield mpaka Champaign unaelewa. Anayekwambia huu ni ugonjwa wa chama kimoja anakuuzia kitu.

North Carolina ni darasa peke yake. Mwaka 2016 mbunge wa jimbo David Lewis alisema hadharani, kwenye kikao, anapendekeza ramani ya Warepublikani 10 kwa Wademokrati 3 kwa sababu haamini kama inawezekana kupata 11 kwa 2. Alisema wazi kwa sababu kusema ni chama kulikuwa salama kuliko kuonekana ni rangi ya ngozi, na hilo tutalirudia. Baadae, Februari 2022, mahakama ya juu ya jimbo ikatupa ramani nyingine iliyochorwa na bunge baada ya hiyo, uchaguzi wa mwaka huo ukafanyika kwa ramani iliyosimamiwa na mahakama, matokeo 7 kwa 7. Mwaka huohuo majaji wakabadilika kwa uchaguzi, Aprili 2023 mahakama ileile ikafuta uamuzi wake yenyewe, bunge likachora tena, na 2024 ikawa 10 kwa 4. Jimbo ambalo siku hiyohiyo lilimchagua Trump kuwa rais na Mdemokrati Josh Stein kuwa gavana! Wapiga kura wa nusu kwa nusu, viti vya 10 kwa 4.

Tahadhari moja kabla hujapiga kelele. Massachusetts viti vyote 9 ni vya Wademokrati wakati Trump 2024 alipata zaidi ya theluthi ya kura za jimbo, na ukiangalia haraka unasema jerimanda hiyo. Ila Warepublikani wa kule wametawanyika karibu sawasawa jimbo zima, hakuna eneo kubwa la kutosha wanakozidi, kwa hiyo hata malaika akichora atapata shida kuwapatia kiti. Na Wademokrati nao sehemu nyingi wamejirundika wenyewe mijini bila kurundikwa na mtu. Jiografia inachukua sehemu yake. Ndo maana usitegemee uchaguzi mmoja, angalia mitatu minne, na uone kama pengo liliruka ghafla mwaka ramani ilipobadilika. Likiruka ghafla hiyo sio jiografia, milima haihami.

Ukitaka namba nzuri zaidi rudi kwenye vifuniko. Kura iliyopotea ni ile iliyopigwa kwa aliyeshindwa, au ile ya ziada kwa mshindi ambayo hakuihitaji. Vyeupe vilipoteza 4 kwenye mafungu mawili na 2 za ziada kwenye la tatu, jumla 6. Kijani hazikupotea hata moja. Tofauti 6 kati ya 15, asilimia 40, ni mauaji. Hicho kipimo kilitengenezwa na Nicholas Stephanopoulos na Eric McGhee na kilifika mpaka Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Wisconsin. Haina haja ukifanye kwa mkono, tovuti ya PlanScore inakupa majibu kwa kila jimbo, bure.

Nani alishika kalamu, na lini

Majimbo mengi ramani ni sheria ya kawaida, bunge linapitisha na gavana anasaini au anakataa. Yani wanasiasa wanachagua wapiga kura wao. Arizona, California, Michigan na Colorado walitengeneza tume ya kuchora ramani badala ya bunge, Michigan kwa mfano ina watu 13, wanne Wademokrati, wanne Warepublikani na watano wasio na upande. Iowa wana wataalamu wa ofisi ya bunge wanaochora bila kuangalia matokeo ya uchaguzi alafu bunge linapiga kura ndio au hapana. Ukijua jimbo lako liko kundi gani umejua nusu ya jibu.

Na angalia tarehe. Zamani ulikuwa unatulia miaka 10 baada ya sensa, sasa hivi hapana. Texas ilishafanya katikati ya muongo 2003, ikarudia Agosti 2025 baada ya Trump kutaka viti vitano zaidi, wabunge Wademokrati wakakimbia jimbo ili akidi isitimie, ikasaidia wiki mbili tu ramani ikapita. California wakajibu, Novemba 2025 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 50 linaloweka pembeni ramani ya tume yao mpaka baada ya sensa ya 2030, na majimbo mengine yakaingia kwenye foleni. Mimi hilo la California lilinikera kuliko la Texas, sio kwa sababu ni baya zaidi, ila kwa sababu ile tume ilikuwa ndo mfano tuliokuwa tunauonyesha watu.

Ni chama au ni rangi?

Hili swali linaamua unaenda mahakama gani, kwa hiyo usiliruke. Juni 2019 kwenye kesi ya Rucho, majaji 5 kwa 4, Mahakama ya Juu ilisema jerimanda ya kichama sio kazi ya mahakama za shirikisho. Jaji mkuu Roberts hakusema ni nzuri, alisema tu hawana kipimo cha kuihukumu. Kesi hiyo iliunganisha North Carolina ya Warepublikani na Maryland ya Wademokrati, wote wakaachiwa.

Rangi ni habari nyingine. Kuna Katiba na kuna Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Alabama watu weusi ni kama asilimia 27, viti 7, na ramani ikawapa wilaya moja tu wanayoweza kumchagua wamtakaye, Juni 2023 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hiyo inavunja sheria, bunge la jimbo likakaidi, mahakama ya chini ikateua mtu wa kuchora, na 2024 Mdemokrati mweusi, Shomari Figures, akashinda wilaya mpya ya 2. Lakini mwaka huohuo 2024, kwenye kesi ya South Carolina, Mahakama ya Juu ikafanya ushahidi wa rangi uwe mgumu zaidi, manake wachoraji wanajibu, sisi hatukuangalia rangi tuliangalia chama. Na sehemu ambayo karibu watu weusi wote wanapigia chama kimoja hebu niambie utatenganishaje. Ndo ule usalama wa David Lewis. Hii sheria ya 1965 inabishaniwa mahakamani kila kukicha, kwa hiyo kabla ya kuitegemea angalia ilivyo siku unaposoma.

Sasa ufanye nini

Kwanza usiache kupiga kura ukisema mechi imeshauzwa. Gavana, maseneta wa Washington, na majimbo mengi mwanasheria mkuu wa jimbo pia, hao wanachaguliwa na jimbo zima, mstari wa wilaya hauwagusi. Rais pia, isipokuwa Maine na Nebraska ambako baadhi ya kura za wajumbe wanaomchagua rais zinaenda kwa wilaya. Na majimbo mengi gavana ndo mwenye kalamu ya kukataa ramani. Pia wachoraji wanakosea, wakitanua sana ushindi wao unakuwa mwembamba, Texas 2018 wilaya ya 7 na ya 32 zilizochorwa kwa ajili ya Warepublikani zikadondoka zote mbili.

Majaji wa jimbo, hapa ndo pa kukaza. Watu wanaruka hiyo sehemu ya karatasi kwa sababu hawajui majina. Wisconsin, Aprili 2023 Janet Protasiewicz akashinda kiti cha mahakama ya juu ya jimbo, Desemba mahakama ikatupa ramani za bunge, Februari 2024 gavana Evers akasaini mpya, na Novemba Warepublikani wakatoka viti 64 vya bunge la chini kwenda 54. Bado walishinda, sawa, lakini sasa inabidi wagombanie. Pennsylvania nako, mahakama ya jimbo ilitupa ramani Januari 2018, chaguzi tatu mfululizo zilikuwa Warepublikani 13 kwa Wademokrati 5, uchaguzi wa Novemba ikawa 9 kwa 9.

Kama wilaya yako imeshafungwa kabisa kwa chama kimoja basi uchaguzi wako wa kweli ni mchujo wa chama, sio Novemba. Hata kama sio chama chako. Florida, New York na Pennsylvania mchujo ni wa waliojiandikisha na chama tu, kwa hiyo lazima ubadilishe usajili mapema, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha inaweza kuwa kabla sana ya siku yenyewe. Texas na Georgia unachagua karatasi ya chama siku hiyohiyo. Wengine wanaona ni unafiki kujiandikisha chama usichokipenda, mimi naona unafiki ni wa aliyechora.

Kura ya maoni ya wananchi, sio kila jimbo linaruhusu, lakini ikiwepo ina nguvu. Michigan ilianza na posti moja ya Facebook 2016, wakujitolea wakakusanya saini zaidi ya 400,000, 2018 ikapita kwa asilimia 61. Ila soma maandishi ya pendekezo lenyewe sio muhtasari wa karatasi ya kura. Ohio 2024 muhtasari ulioandikwa na maafisa uliwaambia watu kwamba tume mpya italazimishwa kufanya jerimanda, wakati lengo la pendekezo lilikuwa kuizuia, na likaanguka. Na likipita usiende kulala, Utah walipitisha lao 2018, bunge likalipunguza nguvu, likaikata kaunti ya Salt Lake vipande vinne, na mpaka jaji anaitupa ramani ile tayari ni Agosti 2025.

Wewe ambaye bado huna uraia, usipige kura kabisa, hata kama mtu wa kaunti amekosea akakutumia fomu, ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchi. Ila sensa inakuhesabu, siku yake inayofuata ni tarehe 1 Aprili 2030, jaza. Na vikao vya kusikiliza maoni ya ramani kwa kawaida viko wazi kwa umma, hakuna anayekuuliza pasipoti mlangoni.

Hivyo vikao navyo vina namna yake. Usiende kusema ramani ni ya dhuluma, kila mtu anasema hivyo na wanakuangalia tu. Sema jamii yenu inaanzia barabara gani inaishia barabara gani, watoto wanasoma shule gani, mnapanda basi gani, mnasali wapi, mnatibiwa kliniki gani, alafu onyesha mstari unapowapasua. Ukiweza nenda na ramani yako mwenyewe, tovuti ya Dave's Redistricting ni bure na ina takwimu za sensa na matokeo ya vituo, jioni moja ya kwanza utachanganyikiwa kwa sababu ukirekebisha wilaya moja ya jirani inapungukiwa watu, ya pili utazoea. Muda wa kuongea ni dakika chache, kwa hiyo andika kwenye karatasi usome. Na hata ukishaongea, wasilisha kwa maandishi vilevile na ubaki na nakala yenye tarehe, manake kesi ikija miaka miwili baadae mawakili wanatafuta kwenye kumbukumbu za kikao nani aliwaambia kabla hawajasaini.